Baiskeli ya milimani: chimbuko lake na manufaa yake kwa vilima vya Maruku

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Mkazi wa Maruku, katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, hahitaji kuelezwa mlima ni nini kwa mwendesha baiskeli. Eneo hilo limekaa juu ya safu za vilima zinazokwenda sambamba na Ziwa Viktoria, kwa kimo kinachozidi mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ilhali ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134. Tofauti hiyo ndiyo anayoipanda na kuishuka mkulima mwenye mikungu ya ndizi au gunia la kahawa ya maganda kwenye keria. Ikumbukwe pia kuwa ukanda huu wa ziwa hupata mvua inayofikia milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo kwa miezi mingi barabara ya udongo huwa na utelezi na ringi za baiskeli huwa zimelowa.

Kwa miongo mingi kazi hiyo imefanywa na baiskeli nzito nyeusi zisizo na gia: Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Hero na Avon za India, pamoja na Swala zilizotoka katika kiwanda chetu cha NABICO jijini Dar es Salaam. Siku hizi kando yake zimesimama baiskeli za milimani, ambazo wengi huziita kwa kifupi baiskeli za gia, nyingi zikiwa mitumba. Wazee wengi huziona kuwa ni za vijana wa mjini na za michezo. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha kuwa baiskeli ya milimani ilitokana na baiskeli nzito isiyo na gia, iliyorekebishwa na watu wasio na kiwanda, na kwamba tatizo la kwanza lililowalazimu kuirekebisha lilikuwa breki.

Kabla ya jina kuwapo

Kuendesha baiskeli porini na mlimani ni jambo la kale kuliko baiskeli ya milimani yenyewe. Mwaka 1897 askari 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu wa Jeshi la Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, walisafiri kwa baiskeli kutoka Fort Missoula, Montana, hadi mji wa St. Louis. Safari hiyo ya takriban kilometa 3,000 iliwachukua siku 41, kuanzia Juni 14 hadi Julai 24. Walivuka Milima ya Rocky wakiwa na bunduki, mahema na chakula juu ya baiskeli zenye gia moja, na palipokuwa na matope mazito walizisukuma. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli ingeweza kuchukua nafasi ya farasi. Jibu halikuendelezwa, lakini safari yenyewe inastahili kukumbukwa, kwani simulizi nyingi za baiskeli ya milimani huanza karibu miaka 80 baadaye na huwataja vijana wa Kizungu peke yao.

Nchini Ufaransa, kati ya mwaka 1951 na 1956, kundi la vijana wa viunga vya Paris walibadili baiskeli zao ili zihimili mashindano ya njia mbovu. Mwaka 1953 huko California, mwanafunzi aitwaye John Finley Scott alijiundia baiskeli yenye matairi manene, usukani mnyoofu na gia, ambayo kwa sura haikutofautiana sana na zile zilizokuja kuuzwa miaka ya 1980. Uingereza nayo ilipata chama cha wapenda njia mbovu mwaka 1955. Juhudi hizo zote hazikuzaa biashara, na kila kundi lilifanya mambo yake bila kujua ya wenzake.

Katika eneo letu historia ilikuwa tofauti, kwa kuwa baiskeli haikuja kwa ajili ya burudani. Fedha za kahawa zilizoingia Bukoba katika miaka ya 1920 ziliwawezesha wakulima kununua mabati, nguo na baiskeli, na chombo hicho kikaingia moja kwa moja kazini: kutoa mazao kwenye kibanja, kuvuka rweya na kuyafikisha sokoni au bandarini. Hakuna aliyekiita chombo cha milimani, ingawa hakuwa na njia nyingine ya kukipitisha.

Mteremko wa Repack

Chimbuko linalotambuliwa zaidi na wanahistoria wa mchezo huu ni Kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, chini ya Mlima Tamalpais. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wakinunua kwa bei ya kutupa baiskeli za Kimarekani za miaka ya 1930 na 1940, hasa Schwinn Excelsior. Hizi zilikuwa nzito, zenye gia moja, fremu imara na matairi manene ya upana wa inchi 2.125 kwenye gurudumu la inchi 26. Vijana hao walizivua kila kisicho cha lazima, wakazipandisha mlimani kwa kuzisukuma au kwa gari, kisha wakashuka nazo mbio.

Oktoba 21, 1976 walifanya shindano la kwanza la kupimana muda kwenye barabara ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax. Barabara hiyo inashuka takriban mita 400 katika mwendo wa kilometa zipatazo tatu tu. Alan Bonds ndiye aliyeshinda siku hiyo. Rekodi ya mteremko huo iliwekwa baadaye na Gary Fisher, kwa dakika 4 na sekunde 22. Charlie Kelly alikuwa mwandaaji, na Wende Cragg, mpigapicha wa kundi hilo, anashikilia rekodi ya wanawake.

Jina la mteremko huo, Repack, lina maana ya kujaza grisi upya, na humo ndimo lilimo somo kubwa la historia hii. Baiskeli zile hazikuwa na breki za mkono. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo ilishika pale mwendeshaji alipokanyaga pedali kinyumenyume. Kwa barabara ya mjini ilitosha. Kwenye mteremko mkali uliomlazimu mtu kufunga breki muda wote, kitovu kilipata moto kiasi cha kugeuza grisi kuwa moshi, na baada ya kila mshuko iliwapasa kukifungua na kukijaza grisi mpya. Baiskeli iliyofika chini ikifuka moshi haikuwa na breki ya kuaminika kwa safari ya pili.

Dawa ilitoka pande mbili. Desemba 1974, kwenye mashindano yaliyofanyika Mill Valley, walitokea vijana kutoka Cupertino wakiwa na baiskeli za aina ileile ya zamani, lakini wamezifunga gia za kuhamisha mnyororo na breki za ngoma. Wenyeji waliziona na kuiga. Wengine walichukua vishikizo vya breki vya pikipiki, kwa kuwa vya baiskeli vilikuwa dhaifu. Kwa hiyo vijana wa Marin walipata mengi kwa kuokota: kifaa kutoka pikipiki, kingine kutoka baiskeli ya mbio, kingine kwa jirani. Fundi yeyote wa baiskeli wa Bukoba anaielewa kazi ya namna hiyo bila kufundishwa.

Kutoka karakana hadi kiwandani

Fremu za zamani zilianza kuvunjika. Mwaka 1977 Joe Breeze, mwendeshaji na mjenzi wa fremu, aliunda fremu mpya kwa mabomba ya chuma chepesi chenye mchanganyiko wa kromi na molibdeni, akatumia vifaa vipya kila mahali, na kufunga breki za mkono zinazobana ringi mbele na nyuma. Baiskeli hiyo aliyoiita Breezer ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa kumi, na nakala ya kwanza imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la taifa la Marekani jijini Washington.

Mwaka 1979 Fisher na Kelly walianzisha kampuni waliyoiita MountainBikes, wakiuza fremu zilizojengwa na kijana hodari, Tom Ritchey, aliyeanza kuchomelea fremu tangu akiwa mwanafunzi. Bei ilikuwa takriban dola 1,300, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Jina la kampuni halikulindwa kisheria, likawa jina la baiskeli zote za aina hiyo duniani. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ya Mike Sinyard ilitoa Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani na kuuzwa kwa dola 750. Mwaka uliofuata Shimano, pia ya Japani, ilitoa seti ya kwanza ya vifaa vyake vilivyobuniwa mahususi kwa njia za milimani. Uma wenye shokapu ulifuata mwaka 1989.

Yaliyobaki yalikwenda kasi. Mashindano ya kwanza ya dunia yanayotambuliwa na chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, UCI, yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990. Mwaka 1996 mchezo huu uliingizwa kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, ambapo Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia walitwaa dhahabu.

Baiskeli ya milimani yawasili Afrika Mashariki

Tanzania inatajwa mapema katika historia hii. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, mtu na binamu yake, walipanda Mlima Kilimanjaro na baiskeli zao hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mahali pengi walizibeba mabegani. Safari hiyo ilikusanya fedha kwa ajili ya pampu ya maji inayoendeshwa kwa upepo huko Wajir, Kenya, na mwaka 1985 waliichapisha katika kitabu. Ilikuwa ni miaka michache tu tangu baiskeli ya milimani ianze kuuzwa madukani, hivyo kwa wasomaji wengi wa Ulaya picha za Kilimanjaro zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaonyesha chombo hicho kinaweza kufika wapi.

Tukio linalohusu zaidi watu wa Kagera, hata hivyo, lilitokea ng'ambo ya Mto Kagera. Desemba 2005 Tom Ritchey, yule mjenzi wa fremu za mwaka 1979, alifika Rwanda. Aliona vilima vilivyolimwa hadi kileleni, wakulima wa kahawa wakisukuma mizigo, na baiskeli za mbao zilizochongwa na wanakijiji wenyewe. Chombo cha jamii hiyo kinafahamika pia mashariki mwa Kongo kwa jina la chukudu: hakina pedali wala mnyororo, hubeba mamia ya kilo kwenye mteremko wa kuingia Goma, na breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Goma imekijengea sanamu.

Ritchey alianzisha mradi ulioitwa Project Rwanda na kubuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, yenye fremu iliyorefushwa nyuma ili magunia yakae chini na karibu na ekseli, pamoja na gia za kupandia. Sababu ya kiuchumi ilikuwa wazi. Kahawa ya Arabika inayooshwa hupoteza ubora isipomenywa ndani ya saa chache baada ya kuchumwa, hivyo kila saa inayookolewa njiani huongeza bei. Kwa Bukoba hoja hiyo inagusa kwa kiasi kidogo, maana sehemu kubwa ya kahawa yetu ni Robusta inayokaushwa na maganda yake na haiozi njiani. Mkulima wa Maruku anaokoa nguvu za miguu na muda wa kurudi shambani, ambavyo navyo vina thamani.

Mwaka 2006 yaliandaliwa mashindano yaliyozikutanisha baiskeli za mbao na za chuma. Kutokana na vuguvugu hilo ikazaliwa timu ya taifa chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mwaka 1981. Kijana mmoja wa timu hiyo, Adrien Niyonshuti, alishiriki mbio za baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na kumaliza nafasi ya 39. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Gia, breki na mzigo

Mwananchi wa Bukoba au Muleba anayetaka kununua baiskeli hana haja ya kukumbuka tarehe hizi zote. Anachohitaji ni kujua ni kipi katika ubunifu ule kinachomfaa, na kipi kinafaa mbio tu.

Tuanze na gia. Chukua baiskeli isiyo na gia yenye meno 44 mbele na 20 nyuma, na gurudumu la inchi 28. Pedali ikizunguka mara moja, baiskeli husogea karibu mita 5. Ni mwendo mzuri kwenye tambarare, lakini kwenye kilima chenye mzigo mguu hauwezi, na mtu hushuka kusukuma. Baiskeli ya milimani ikiwekwa kwenye gia ndogo, kwa mfano meno 26 mbele na 28 nyuma, mzunguko huohuo huisogeza pungufu kidogo ya mita 2. Nguvu inayohitajika kila pedali inapokanyagwa hupungua kwa kiwango hichohicho. Mlima haupungui urefu, na mwendo huwa wa polepole kama wa mtembea kwa miguu, lakini mwendeshaji hubaki juu ya kiti. Asiyeishi vilimani anaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo.

Breki ni suala la uhai. Baiskeli nyingi za aina ya Phoenix hutumia breki za fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira kuelekea ndani ya ringi. Zinadumu na ni rahisi kuzitengeneza. Udhaifu wake ni ringi ya chuma kilichong'arishwa: ikilowa, mpira huteleza, na umbali wa kusimama huongezeka sana. Ringi ya alumini, iliyoanza kutumika kwenye baiskeli za milimani mwishoni mwa miaka ya 1970, hushikwa vizuri zaidi hata ikiwa imelowa. Kwa wilaya yenye mvua kama Bukoba, mabadiliko hayo yana thamani kuliko gia 21 zinazoandikwa kwenye fremu kuvutia mnunuzi. Mtu anayeteremka kuelekea Kemondo na mikungu mitatu nyuma anahitaji breki mbili zinazofanya kazi, ya mbele na ya nyuma, kila moja ikijitegemea. Baiskeli nyingi za mizigo huonekana barabarani zikiwa na moja tu, au zikisimamishwa kwa kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi. Hilo halina tofauti na kitovu kilichokuwa kikifuka moshi kule Fairfax, isipokuwa kwamba vijana wale hawakuwa wamebeba kilo 80.

Hata hivyo, si kila kitu kwenye baiskeli ya gia ni bora. Baiskeli za zamani za Kiingereza na zilizoigwa kutoka kwake kwa kawaida zina spoki 40 nyuma na 32 mbele, kwa kuwa waliozibuni walijua uzito hukaa nyuma. Baiskeli nyingi za milimani zina spoki 36 au 32 kila upande, na zilibuniwa kubeba mtu mmoja asiye na keria. Ukizipakia gunia bila kuimarisha gurudumu la nyuma, spoki huanza kukatika moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huchanganya: fremu na breki za hii, keria ya ile, na gurudumu lililosukwa upya. Mtu wa mjini anaweza kuicheka sura yake, lakini huo ndio utaratibu uleule uliozaa baiskeli ya milimani.

Shokapu nazo zitazamwe kwa makini. Katika mitumba mingi zimechakaa, huzama mzigo unapowekwa na kuyumbisha usukani. Kwa kazi ya mizigo, uma wa chuma usio na shokapu ni salama zaidi, na baiskeli yenye shokapu katikati ya fremu haifungiki keria ya maana.

Jambo la mwisho la kukaguliwa ni fremu yenyewe. Fremu ya chuma ikipasuka huchomelewa katika karakana ya kawaida na baiskeli kurudi kazini siku hiyohiyo. Ya alumini inahitaji mashine maalumu ya kuchomelea, na ikichomelewa vibaya huvunjika tena bila dalili. Kuzitofautisha hakuhitaji utaalamu: mnunuzi aende na kipande cha sumaku, hata kile kilichotolewa kwenye spika mbovu. Kikinata, fremu ni ya chuma. Baada ya hapo aangalie maungio ya chini ya usukani na karibu na pedali, ambako nyufa huanzia, aizungushe ringi kuona kama inapinda, kisha aibane breki ya mbele na kuisukuma baiskeli kwa nguvu kabla hajatoa fedha.